Mkunga wa Benchi la Mwisho

Katika miaka sita niliyosali naye kanisa moja, nilimwona Mkunga akipokea Komunyo mara nne tu. Nasema mara nne kwa yakini kwa sababu watu walikuwa wakihesabu, na mimi, najuta kusema, nilikuwa mmoja wa waliohesabu.

Si kwamba hakuja kanisani. Alikuja kila Jumapili ambayo kazi haikumzuia, na akaketi benchi la mwisho, upande wa mlango, kikapu chake cha ukili kikiwa chini ya miguu. Aliimba kila wimbo kwa sauti nene iliyokitangulia kinanda kwa nusu neno. Wakati wa mahubiri alisinzia bila kuona haya. Kengele ya altareni ikigongwa aliamka, akapiga magoti, akainama mpaka paji lake la uso likagusa mbao za benchi la mbele. Kisha sisi wengine tuliinuka kwenda kupokea, yeye akabaki. Tuliporudi tulimpita bado ameinama vilevile.

Waislamu kwa Wakristo, watu wote walimwita Bi Mkunga. Jina lake la ubatizo bila shaka liliandikwa katika daftari la kanisa, lakini sikupata kumsikia mtu akilitumia. Ukimwita kutoka mbali kwa jina hilo la kazi, aliitikia "Naam!" huku tayari anasimama, kwa kuwa ni mara chache aliyemwita alikuwa na habari ya kusubiri.

Mimi nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya kanisa, na chumba nilichopanga Kikwajuni, mjini Unguja, kilikuwa nyumba ya tano kutoka kwake. Kwa hiyo mengi ninayoyaeleza hapa niliyaona kwa macho yangu, na yale niliyoambiwa nitasema kwamba niliambiwa.

Nianze na kikapu. Serikali ilimpa mkoba mweusi wa ngozi, mzuri, wenye kifungo cha shaba. Yeye aliuwekea vitunguu. Nilipomuuliza sababu aliniambia, "Mwanamke mwenye uchungu akiuona mkoba ule anadhani amekuja daktari kumpasua. Akiona kikapu anadhani nimetoka sokoni. Ndiyo nusu ya kazi hiyo." Ndani ya kikapu mlikuwa na mkasi, uzi, sabuni, taulo mbili nyeupe zilizochemshwa, na kitabu kidogo cha sala alichokifunga katika kitambaa chake chenyewe. Kila Jumamosi alasiri alikaa barazani akapunguza kucha kwa wembe mpaka karibu na nyama, na wakati huo hakuzungumza na mtu. "Mikono kwanza, maneno baadaye," ndiyo iliyokuwa kauli yake, na aliitumia kwa mambo mengi yasiyohusiana na uzazi. Aliwahi kuniambia hivyo nilipokuwa nikilalamika juu ya darasa langu lenye watoto watundu.

Waume hakuwavumilia. Mwanamume akianza kuzungukazunguka mlangoni, Mkunga alimpa ndoo amletee maji ya kisima fulani, na daima kilikuwa kisima cha mbali. Akirudi mapema, alionja maji yale, akakunja uso, akamwambia, "Haya ya chumvi. Nenda kile cha pili." Inasemekana mwanamume mmoja wa Kikwajuni alizunguka visima vinne, na aliporudi kwa mara ya nne akakuta ana mtoto wa kiume aliyekwisha oshwa kwa maji ya mfereji wa jirani.

Lakini mtu huyu asiyeogopa damu wala waume wa watu alikuwa akiogopa mjusi. Hili nililishuhudia. Siku moja mjusi alianguka kutoka kwenye boriti, mzazi akiwa katikati ya uchungu, na Mkunga akaruka kitandani, akamshika mzazi mabega na kupiga kelele. Mzazi alicheka kwa nguvu hata mtoto akatoka. Kwa miezi kadhaa wanawake wa mtaa walitaniana: "Siku zako zimepita, shoga? Tafuta mjusi."

Sasa nieleze jambo moja la kanisa, nawe msomaji usichoke, maana ni fupi na bila hilo hutamwelewa mtu huyu. Siku zile sheria ilikuwa kwamba anayekwenda kupokea Komunyo asile wala asinywe kitu tangu usiku wa manane. Hata maji. Watu waliishika sheria hiyo kwa uangalifu mkubwa. Niliwafahamu akina mama walioacha kusukutua mdomo Jumapili asubuhi wasije wakameza tone. Aliyekula, hata kwa kusahau, alibaki kwenye benchi lake na kungoja siku nyingine. Hakuwa ametenda dhambi. Ila alibaki.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyoweza kumbakisha mtu kwenye benchi, nayo ni kutengwa. Mtu aliyeishi na mwanamume bila ndoa, au aliyekwenda kwa waganga, alizuiwa na kanisa asipokee mpaka atubu. Kwa macho, anayebaki kwa kuwa amekunywa chai na anayebaki kwa kuwa ametengwa wanafanana. Lakini mtu hanywi chai kila Jumapili, mwaka baada ya mwaka. Ndivyo tulivyofikiri.

Chama chetu cha akina mama kilikutana Alhamisi alasiri. Mwenyekiti wetu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole, na upole ule haukumzuia kusema lolote. Wiki moja kabla ya Pasaka alinivuta pembeni.

"Mwalimu, wewe unakaa naye mtaa mmoja. Hebu nambie, yule bibi ana nini?"

"Sijui, Mama."

"Hujui, au hutaki kusema? Pasaka mbili zimempita hakupokea. Mtu asiyepokea Pasaka ana jambo. Ama ana mume wa mtu, ama ana hirizi."

"Hirizi, Bi Mkunga?"

"Si anaingia nyumba za kila namna? Unajua wewe anapewa nini huko?" Alinishika mkono. "Kanuni ya chama unaijua. Pasaka ya tatu ikimpita, jina lake linatoka. Nami sipendi litoke, anatufaa. Mwamkie asubuhi ya Pasaka, mje pamoja. Ukimfikisha kanisani hajala, atapokea, na maneno yataisha."

Nilikubali. Niseme ukweli, niliona ni kazi ya heshima. Nilidhani ninakwenda kumwokoa mtu.

Asubuhi ya Pasaka, saa kumi na moja, nilipiga hodi kwake. Misa kuu ilikuwa saa tatu, lakini alikuwa amekwisha vaa. Gauni lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama kama ukingo wa karatasi, na viatu vilikuwa vipya. Kwaresima nzima alikuwa amejinyima nyama na samaki, na mashavu yalikuwa yameingia ndani. Nilimwamkia.

"Shikamoo, Bi Mkunga."

"Marahaba. Mbona mapema? Umetumwa?"

Sikuweza kumdanganya. "Nimetumwa."

Akacheka. "Vizuri. Leo hamtapata shida. Waja wazito wangu wote bado wana wiki mbili. Nimewahesabu kwa vidole. Leo napokea, Mwalimu. Nimeingoja siku hii tangu Noeli."

Tulikuwa bado tumesimama mlangoni, gari dogo la kukodi likasimama, na akatoka kijana mmoja kachomekea shati nusu. Alikuwa wa Kidichi, kwenye mashamba ya karafuu. Hakuamkia mtu.

"Bi Mkunga, mke wangu Asha ameshikwa tangu usiku. Damu inatoka. Hili ni tumbo la tatu, wale wawili hawakufika arubaini. Nakuomba."

Mkunga alitazama mbingu, akatazama gauni lake, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amefunga kanga mbili juu ya lile gauni na ameshika kikapu.

"Mwalimu, wewe nenda kanisani."

"Na wewe?"

"Mtoto hajui Jumapili," akasema, akaingia garini.

Kauli hiyo nilikuwa nimeisikia mara nyingi, nami nikaidhani ni mzaha wa kazi. Niliingia garini pia. Nikijichunguza vizuri, sikwenda kwa sababu ya wema. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuiona ile hirizi.

Ya chumbani sitayasimulia yote. Asha alikuwa msichana mwembamba, umri wake karibu na wangu, na woga ulimshinda kuliko uchungu. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha maji na kumpangusa uso. Mkunga hakupaza sauti hata mara moja. Alizungumza naye juu ya bei ya karafuu, juu ya mvua, na juu ya mume wake aliyekwisha tumwa kisimani, na mikono yake ikifanya kazi nyingine kabisa. Jua lilikuwa limegusa vilele vya mikarafuu mtoto alipolia. Alikuwa mtoto wa kike. Damu ilipungua, kisha ikakoma. Babu wa mtoto akaitwa amwadhinie sikioni, na Mkunga akasogea kando, akasimama na mikono iliyokunjwa mpaka mzee alipomaliza, kama vile alivyosimama kanisani Injili inaposomwa.

Nikatazama saa ya ukutani. Saa moja na robo. Gari lilikuwa nje. Moyo wangu ulifurahi: tutawahi, na nafasi itabaki!

Ndipo sinia lilipoletwa. Bibi wa mtoto, mama mkwe wake Asha, alilibeba mwenyewe. Juu yake palikuwa na mabakuli mawili ya uji wa pilipili manga, mkate wa kumimina, na birika la chai ya tangawizi. Bibi akaliweka mkekani.

"Karibu, Bi Mkunga. Karibu na mgeni wako."

Nilimvuta Mkunga kanga. Nikamnong'oneza, "Usile. Tutawahi."

Alinisikia. Najua alinisikia kwa sababu bega lake lilitikisika. Lakini alikuwa akimtazama Asha. Asha alikuwa amelala na mtoto kifuani, na macho yake hayakuwa kwa mtoto. Yalikuwa kwenye mkono wa Mkunga.

"Kwetu sisi," bibi akaeleza taratibu, "mkunga akiondoka na njaa, maziwa ya mama hayashuki. Yule wa mara ya mwisho alikuwa na haraka zake. Hakugusa kitu."

Mkunga alilichukua bakuli kwa mikono miwili. Alifumba macho kwa muda wa sala fupi sana. Kisha akanywa, si kwa kuonja bali kwa kunywa, mpaka nusu ya bakuli.

"Pilipili imepungua," akasema. "Mzazi anataka nguvu nyinyi mnamhesabia pilipili?"

Bibi akacheka. Asha naye akacheka, akafumba macho, na mwili wake wote ukalegea juu ya mto kwa mara ya kwanza tangu tufike. Mkunga, bila kugeuka, akaniambia, "Mwalimu, uji unapoa."

Nikanywa. Ulikuwa uji mtamu, na nilikuwa na njaa, na nilikuwa na hasira.

Gari lilituacha Darajani, tukaingia Mjini kwa miguu, tukipita vichochoro ambavyo kengele za kanisa zilikuwa zikilia ndani yake. Akasema, "Sasa umeona. Hakuna hirizi."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. "Lakini Bi Mkunga, kwa nini usiwaambie tu kwamba umefunga? Saumu wanaijua kuliko sisi. Wangekuelewa."

Alisimama, akahamisha kikapu kutoka mkono mmoja kwenda wa pili.

"Wangenielewa mno. Hapo ndipo penye taabu." Alizungumza kwa sauti ileile aliyozungumzia bei ya karafuu. "Zamani nilikuwa nikisema. Wananiletea chakula, nasema, samahani, kwetu leo Jumapili, sili mpaka nisali. Wakafurahi. Mashallah, Bi Mkunga ana dini yake. Mtaa mzima ukajua. Haya. Jumapili moja mwanamke akashikwa uchungu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ya tatu, Mwalimu, ningetupa jiwe ningeipiga. Mama yake akasema: msimsumbue Bi Mkunga, amefunga, aende zake akasali, akirudi akala ndipo tumwite. Wakanistahi. Nikapita mbele ya mlango wao na gauni langu, wakaniitikia salamu. Nikaenda nikapokea. Niliporudi walikuwa wananingoja barazani kwangu, na neno la kwanza walilosema ni radhi, kwamba wananikatiza kabla sijala."

"Ukawahi?"

"Kikapu nilikwenda nacho, nikarudi nacho sikukifungua. Hakuwako mama, hakuwako mtoto."

Kengele zilikuwa zimenyamaza. Tulianza tena kutembea.

"Ningepata wa kumgombeza ningepumua," akasema. "Lakini hawakufanya ubaya. Walifanya adabu. Basi tangu siku ile hakuna nyumba katika kisiwa hiki itakayojua kwamba Bi Mkunga anafunga. Wakileta, nakula. Wakiniuliza kama Jumapili nna shughuli, nasema sina. Na nyinyi akina mama wa chama siwezi kuwaambia, maana likiwafikia Alhamisi, Ijumaa liko sokoni."

"Na Padri?"

"Padri anajua. Sheria si yake, hawezi kunivunjia. Ila amenambia, siku nikija sijala, nafasi yangu ipo."

"Huoni vibaya?"

"Naona njaa," akasema. "Na si ya uji."

Tulifika wakati wa wimbo wa kwanza. Aliketi benchi la mwisho nami nikaketi naye. Ulipofika wakati wa kupokea, watu wote wakapita, na mwenyekiti alipotukuta wawili badala ya mmoja alifungua kinywa kama samaki. Kutoka benchi lile, niliona siku hiyo, altare inaonekana mbali sana. Mkunga aliinama, paji la uso kwenye mbao. Nilimsikia akipumua. Hakulia, kama unadhani nitasema alilia.

Wiki ileile mama wa mchumba wangu aliniita, akafunga mlango, akaniuliza kwa nini sikupokea Pasaka, na kama kuna jambo ambalo mwanawe anapaswa kulijua kabla ya ndoa. Nikamjibu, "Nilikunywa uji, Mama." Kweli tupu, na hakuniamini. Ilichukua miezi mitatu mpaka aniamini, nami nikapata kuonja kidogo kile ambacho Mkunga alikula miaka yote.

Kwenye chama nilisema kwamba nimezungumza naye na sina la kuwaeleza, ila nawaomba wasilitoe jina lake. Mwenyekiti akauliza sababu. Nikasema sina. Jina likatolewa. Kilemba cheupe cha chama alikirudisha Mkunga mwenyewe, kimefuliwa, kimetiwa wanga na kupigwa pasi, akamkabidhi mwenyekiti mkononi na kumwuliza binti yake anaendeleaje na tumbo.

Binti huyo alijifungua alfajiri ya Jumapili moja baada ya mvua za masika. Mkunga ndiye aliyemzalisha. Na kwa kuwa nyumba ile ilikuwa ya Wakristo, na wote walikuwa wamefunga kwa ajili ya Misa, hakuna aliyemletea hata kikombe cha maji. Saa tatu alikuwa kanisani, akapita katikati mpaka mbele, akapokea. Ni moja ya zile mara nne. Mwenyekiti aliwaambia wenzake kwamba hatimaye yule bibi ametubu.

Nimejiuliza mara nyingi kama Mkunga alikuwa sahihi. Pengine palikuwa na njia nyingine. Pengine baada ya miaka watu wangeweza kuelezwa vizuri: mwiteni hata akiwa amefunga, mwiteni hata akiwa amepiga magoti. Nilipomwambia hivyo alinijibu, "Wewe ni mwalimu, unafundisha mtu leo ili ajue kesho. Mimi mtu wangu anazaa leo." Alikuwa mkaidi. Sipendi kumpaka rangi ya malaika. Alikuwa mkaidi, mwenye maneno makali, na aliwahi kunitoa nje ya chumba mbele ya watu kwa kuwa nilichelewesha maji. Ila ninapowafundisha vijana juu ya kujitoa nafsi, huwaambia wasimtafute kwanza mtu anayeonekana kutoa. Wamtafute aliyebaki nyuma, na wasiwe na haraka ya kudhani wanamjua.

Baada ya kuolewa nilihamia Pemba na mume wangu. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa nikirudi Unguja kwa likizo, nikaambiwa kabla sijapanda meli kwamba Mkunga amepooza upande mmoja, na kwamba hakai tena Kikwajuni. Amechukuliwa na watu, wakasema, yuko Mpendae.

Nilishuka bandarini asubuhi ya Jumapili, nikanywa chai kwenye mkahawa, nikanunua halua, maana alikuwa akiipenda, nikaenda moja kwa moja. Mpendae ilikuwa bado mashamba zaidi ya nyumba. Kwenye mlango nilioelekezwa alisimama mwanamke, mikono kiunoni.

"Hicho kifurushi ni chakula?"

"Ni halua ya Bi Mkunga."

"Kiweke hapo nje. Hali mtu hapa mpaka Padri aje."

Ndipo nikamtambua. Alikuwa Asha. Mume wake alipata kiwanja pale akajenga, na waliposikia Mkunga ameanguka wakaenda wakambeba na kitanda chake. Hawakuuliza mtu.

Asha alinikalisha barazani akanieleza. Mara ya kwanza Padri alipokuja kumletea mgonjwa Komunyo, Asha alikuwa amekwisha mnywesha chai. Mkunga akasema, "Nshakunywa, Padri. Rudi nayo." Padri akamwambia kwamba mgonjwa habanwi na sheria ile, apokee tu. Mkunga akakataa.

"Alimwambia nini, unajua?" Asha alisema. "Alimwambia: miaka yote nilikuwa nautaka mfungo wangu nisiupate, sasa nimeupata usininyang'anye. Basi Padri akarudi nayo. Mimi nilikuwa nimeshika birika, sijui niliweke wapi. Tangu siku ile, Jumamosi usiku mimi mwenyewe natoa mtungi wa maji chumbani kwake. Hata akiniomba."

"Huomba?"

"Huomba! Halafu asubuhi ananishukuru."

Padri alikuja, tukamwamkia, akaingia. Mimi sikuweza kupokea pamoja naye, maana nilikuwa nimekunywa ile chai ya bandarini. Nilibaki barazani na Asha. Kupitia dirishani tulisikia sauti ya Padri, kisha sauti nene ya Mkunga, imekwama upande mmoja, ikiitangulia ya Padri kwa nusu neno.

"Mwalimu," Asha akasema bila kunitazama. "Siku ile Kidichi mlikuja mmevaa nyeupe. Ilikuwa Jumapili?"

Siri ile nilikuwa nimeishika miaka. Nilifikiri kidogo, nikaona kwamba sasa hakuna wa kudhurika nayo.

"Ilikuwa Jumapili."

"Jumapili hivi hivi?"

"Ilikuwa Pasaka."

"Ndiyo kama Idi kwetu."

"Ndiyo kama Idi."

Padri alipotoka na kwenda zake, Asha aliinuka akaenda jikoni. Nikaingia chumbani. Mkunga alikuwa ameegemezwa mito, amevaa lile gauni jeupe, sasa linampwaya. Alinitambua mara moja, akanyoosha mkono wake mmoja mzima, na kucha zilikuwa zimepunguzwa mpaka karibu na nyama.

"Umekula?" akaniuliza.

"Nshakula."

"Kama kawaida yako," akasema, na nusu ya uso wake ikacheka.

Asha aliingia na sinia. Lilikuwa na mabakuli mawili ya uji wa pilipili manga. Moja akampa Mkunga, akamsaidia kulishika. Mkunga akafumba macho kidogo, akanywa.

"Pilipili imepungua."

"Haikupungua," Asha akasema. "Maliza."

Alisimama pale pale akiutazama mkono wa Mkunga, kama alivyoutazama siku ile mtoto akiwa kifuani, mpaka bakuli likawa tupu. Ndipo akaketi mkekani na kulivuta la pili. Naye alikuwa hajatia kitu kinywani tangu jana.